Uzi: Gari imeshushwa na unataka rimu kubwa? Kinachokwaruza sio inchi, ni upana na ET

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Swali ninaloliona kila siku ni lilelile, "gari nimeishusha, naweza kuvaa 17?", "18 zitaingia kweli?", na majibu yanakuja zitaingia, haziingii, mimi nimevaa 18 na sina shida, basi mtu anaenda kununua. Naleta uzi huu kwa sababu naipenda hii kazi na inaniuma kuona gari nzuri inatafuna matairi mapya kwa kitu ambacho kingejulikana kwa rula na kalamu kabla hela haijatoka.

Inchi za rimu peke yake hazikwambii kama tairi litagusa. Chukua gari iliyokuja na 195/65R15, yaani tairi pana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15. Kimo cha tairi hilo zima likisimama ni milimita 634.5. Hesabu yake ni nyepesi, 15 mara 25.4 unapata rimu, alafu unaongeza ubavu wa tairi mara mbili, na ubavu ni asilimia 65 ya 195. Sasa piga 205/50R17, unapata 636.8. Piga 225/45R17, 634.3. Piga 225/40R18, 637.2. Umeona? Kutoka 15 mpaka 18 tairi halijaongezeka kimo hata milimita 3, ubavu ndio umekuwa mwembamba. Kwahiyo yule anayesema 18 ni kubwa itagusa juu anaangalia namba isiyohusika. Ila ukichukua 205/55R17 kwa sababu dukani wanayo, hapo umefika 657, tairi limepanda juu zaidi ya milimita 11 ndani ya fenda ambayo wewe mwenyewe umeipunguza kwa kushusha, na spidometa inaanza kusoma chini ya mwendo wako halisi.

Kinachogusa ni upana na pale tairi lilipokaa. Ndipo inapokuja ET, ile ofseti iliyoandikwa nyuma ya rimu. Kila rimu ina uso unaokaa kwenye habu, pale nati zinapobana. ET ni milimita ngapi uso ule umetoka kwenye mstari wa katikati ya upana wa rimu. ET45 maana yake uso umesogea milimita 45 kuelekea nje ya gari, kwahiyo rimu yenyewe imezama ndani. ET ikipungua rimu inatoka nje, ikiongezeka inazidi kuingia kwenye shokapu.

Chukua nusu ya upana wa rimu kwa milimita. Ukijumlisha ET unajua imeingia ndani kiasi gani kutoka usoni, ukitoa ET unajua imetoka nje kiasi gani. Rimu ya kiwandani tuseme 6J ET45, 6J ikiwa ni upana wa inchi 6. Nusu yake ni 76.2, ndani ni 121.2, nje 31.2. Umepewa 7.5J ET45, nusu ni 95.25, ndani inakuwa 140.25 na nje 50.25, maana yake umesogea milimita 19 kuelekea shokapu na 19 kuelekea ukingo wa fenda. Na ET haijabadilika hata kidogo! Wengi wanadhani ET ikiwa ileile wako salama. Chukua 8J ET35, ndani unasogea 15 tu lakini nje unatoka zaidi ya milimita 35, na kwa gari iliyoshuka hizo 35 ndizo zinakata tairi ukibeba watu nyuma ukapita kwenye tuta.

Kabla hujanunua pima. Mbele, pima kati ya ubavu wa tairi ulilonalo na bomba la shokapu, pale penye nafasi ndogo kuliko zote. Ukiwa na koiluva (shokapu na springi za kurekebishika kimo) angalia na kile kikombe kinachokaa springi, kikiwa chini sana kinakutana na bega la tairi. Kama huoni vizuri bandika kipande cha udongo laini ule wa watoto kuchezea, rudisha tairi, zungusha taratibu kwa mkono, utoe uone umebonyea mpaka wapi. Kwa nje ning'iniza uzi wenye nati chini kutoka ukingo wa fenda, upime kutoka kwenye uzi mpaka ubavu wa tairi. Hizo namba mbili ndizo ruhusa yako. Kwa ndani mimi siendi chini ya milimita 5 kati ya tairi na chuma, kwa sababu tairi linajipinda kwenye kona na bushi nazo zinacheza. Na usisahau kwamba 225 ya kampuni moja inaweza kuwa pana kuliko 225 ya kampuni nyingine, kwahiyo usijipimie mpaka milimita ya mwisho.

Alafu kuna jambo ambalo wengi hawalitaji, aina ya saspensheni ya nyuma. Gari yenye kila gurudumu kujitegemea, ikibonyea tairi linaegemea ndani kwa juu, kwahiyo linaukwepa ukingo wa fenda kidogo. Gari yenye boriti moja nyuma, na gari ndogo nyingi ziko hivyo, tairi linapanda wima moja kwa moja. Rimu ileile, ET ileile, gari moja inapita nyingine inakwaruza. Ndio maana "mshikaji wangu kavaa hizi hizi na hazigusi" sio kipimo kama gari yake ni nyingine.

PCD, yaani idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lake, sisemi sana, matundu lazima yalingane. Ila 5x112 na 5x114.3 yanafanana kwa macho na yupo fundi atakayekwambia yanaingia. Yanaingia kwa kuvutwa, nati zinakaa upande upande, na nati iliyokaa upande inalegea. Hapo hakuna mjadala.

Nimesema ya msingi, karibuni tuendelee.

#2

Mkuu umetisha. Swali, mi nimeshusha kwa kukata springi mizunguko miwili, gari imekaa vizuri sana na bado sijavaa rimu. Kuna ubaya?

#3 Mleta uzi

Upo mkuu, na niseme bila kuzunguka, hilo ndilo ningelianza kabla ya rimu. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi kwa sababu mizunguko inayofanya kazi imepungua, lakini pia inakuwa fupi. Ukipiga jeki gari, au gurudumu likining'inia kwenye shimo, shokapu inanyooka mpaka mwisho na springi haifiki, inaachia kwenye kikombe chake. Ikirudi inaweza isikae sehemu yake. Mwisho wa springi wa kiwandani nao umetengenezwa ulale kwenye kikombe, ukikata unabaki na ncha.

Shokapu zako nazo bado zile ndefu, kwahiyo muda mwingi ziko karibu na ile raba ya kuzuia isigonge. Gari inaruka ruka na watu wanasema ndio raha ya kushusha, hapana, inagonga raba. Tafuta springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hiyo, pamoja na shokapu fupi kama unashuka sana, au koiluva kamili. Rimu zisubiri.

#4

Nakubaliana na mleta uzi kasoro hapo kwenye tairi kuegemea ndani. Kuegemea kwenyewe ndio kunakula matairi. Nimefanya kazi na magari yaliyoshushwa miaka mingi, yote yanaisha ndani.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, yanaisha ndani kweli, ila mkosaji mkubwa sio kuegemea, ni tou. Yaani zile pua za tairi mbili, zinatazamana au zinaachana kwa mbele. Ukishusha gari, mkono wa chini na tairodi (fimbo ya usukani) kila kimoja kinachora duara lake, na hayo maduara hayafanani, kwahiyo pua zinahama zenyewe hata kama hukugusa kitu. Tairi lililopinda pua linaburuzwa pembeni kila mita unayokwenda. Ongeza na kuegemea, ule mburuzo wote unaangukia kwenye kingo ya ndani, ndio unaona waya huku nje tairi bado jipya.

Gari iliyoegemea nyuzi 2 na tou imewekwa sawasawa inakaa na tairi muda mrefu tu. Kwahiyo alaimenti ni baada ya kushusha, sio kabla, na uache springi zikae kwanza kwa siku kadhaa za kutembea. Kama kipimo cha kuegemea hakirekebishiki kwenye gari yako, zipo bolti maalum za kuwekea kwenye mguu wa shokapu, zina tumbo la upande, zinakupa kama nyuzi moja na kitu. Lakini angalia, ukilinyanyua tairi wima umelirudisha kwenye ukingo wa fenda. Kila kitu hapa kinavuta kingine, ndio maana nasisitiza namba.

#6

Wakuu na spesa je? Nina rimu ET50 zimezama ndani mpaka zinagusa shokapu, jamaa ananiambia weka spesa ya 10 zitoke.

#7 Mleta uzi

Spesa ya milimita 10 inaifanya ET50 iwe ET40, hesabu yake ni hiyo tu, hakuna uchawi. Kuna wanaozilaani spesa zote, mimi sio mmoja wao. Ila masharti matatu.

Kwanza nyuzi za bolti. Nati lazima ishike bolti kwa urefu angalau sawa na unene wa bolti. Bolti ya M12x1.5 ni mizunguko 8 kamili, ya 12x1.25 ni kama 10. Hesabu kwa mkono kabla hujakaza na spana. Haifiki, badilisha bolti uweke ndefu au utumie spesa zenye bolti zake.

Pili, spesa iwe na mdomo wake unaoshika tundu la rimu. Habu ina mdomo mdogo unaoiweka rimu katikati, ukiweka spesa ya 10 bapa ule mdomo unamezwa na rimu inabaki kushikwa na nati peke yake.

Tatu, usiweke spesa mbili juu ya nyingine. Nimeziona, na sitaki kuziona tena kwenye gari linalobeba watoto.

Jua pia kwamba kuisukuma rimu nje kunahamisha pale tairi linapokanyaga ukilinganisha na mhimili wa usukani. Gari inaanza kufuata mikwaruzo ya barabara, usukani unavuta ukifunga breki tairi moja likiwa kwenye mchanga, na beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Milimita 5 mpaka 10 hutahisi sana, 25 utahisi.

#8

Mimi gari yangu inatetemeka usukani kuanzia 90 hivi tangu nivae rimu mpya, nimepiga balansi mara mbili bado. Hubu ring ndio nini? Fundi kasema ni urembo tu.

#9

Sio urembo mkuu. Rimu za dukani nyingi zinatengenezwa tundu la katikati kubwa, mfano 73.1, ili ziingie gari nyingi. Habu ya Toyota yenye 5x114.3 kawaida ni 60.1, Honda 64.1, Nissan 66.1, Mazda 67.1. Hiyo nafasi inayobaki ndio inajazwa na pete. Pima habu yako, pima tundu la rimu, nunua pete za namba hizo mbili.

#10 Mleta uzi

#9 kasema vizuri, naongeza kidogo. Pete haibebi gari, kinachobeba ni msuguano wa rimu iliyobanwa kwenye habu na nati, ndio maana pete za plastiki zinafanya kazi vizuri tu. Kazi yake ni kuiweka rimu katikati wakati unakaza. Kwahiyo ukivaa, gari ikiwa bado kwenye jeki kaza kwa mkono kwa kuruka ruka kama unachora nyota, ndio ushushe ukamalizie. Na safisha kutu kwenye uso wa habu kwanza, punje moja ya kutu pale inaipindisha rimu nzima na mashine ya balansi haitaiona kwa sababu rimu iko kwenye mashine sio kwenye gari yako.

Kagua na umbo la nati. Rimu nyingi za kununua zinataka nati yenye koni ya nyuzi 60. Honda za kiwandani zina nati za mviringo kama mpira, Toyota nyingi zenye rimu za kiwandani zina nati bapa yenye washa. Ukichukua nati ya mviringo ukaitia kwenye koni inagusa mstari mwembamba tu, inalegea. Hilo ni la hatari kuliko mtetemo.

#11

Swali langu ni la tairi. Nimevaa 215/45R17 badala ya 195/65R15, kila kitu hakigusi, ila nikibeba watu watano naona tairi limelala na limeshatoka nundu ubavuni.

#12 Mleta uzi

Hii nashukuru umeileta. Soma namba baada ya saizi. Tairi lako la 15 lilikuwa 91, maana yake tairi moja linabeba kilo 615. 215/45R17 zipo za 87, hiyo ni kilo 545. Kwa matairi manne umepoteza kilo 280 za uwezo na abiria ni walewale. Zipo za saizi hiyohiyo zenye 91 zimeandikwa XL, yaani zimeimarishwa kubeba mzigo zaidi, hizo ndizo zako. Lakini XL inafikia uwezo wake kwa upepo mwingi zaidi, ukijaza ule upepo wa zamani ulioandikwa kwenye mlango umelinyima tairi sababu ya kuwa XL.

Hilo lenye nundu toa leo. Nundu ni nyuzi za ndani zimekatika, tairi lilibanwa kati ya shimo na ukingo wa rimu, na ubavu mfupi hauna pa kujifichia. Haliponi, haliwekwi kiraka. Hata rimu ile izungushe kwa nyuma uangalie kama haijapinda au kupata ufa.

Na kwa wote, wiki na mwaka wa tairi ziko kwenye tarakimu nne za mwisho za ile namba ya ubavuni inayoanza na DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi bei nzuri lenye kashata (meno ya kukanyagia) zote linaweza kuwa limekaa stoo miaka mingi.

#13

Mkuu na zile tairi nyembamba kwenye rimu pana, 205 kwenye 9J? Zinakwepa fenda vizuri na gari inakaa chini kabisa.

#14 Mleta uzi

Zinakwepa kweli, kwa sababu bega la tairi limevutwa ndani. Najua kazi inavyopendeza kwa macho na sitamdharau anayeipenda. Ila 205/50 imepimwa kwa rimu za 5.5 mpaka 7.5. Kwenye 9 mdomo wa tairi unavutwa kwa pembe ambayo haukutengenezewa, upepo ukipungua kidogo tu unaweza kuchomoka kwenye rimu ukiwa kwenye kona, na ukingo wa rimu ndio unakuwa wa kwanza kukutana na kila kitu barabarani. Kwenye gari ya maonyesho sawa. Kwenye gari ya kwenda kazini, 225/45 inakubali 7 mpaka 8.5, kaa humo.

Kama unachotaka ni nafasi, kunja ukingo wa fenda. Ule mdomo wa bati unaotazama ndani unalazwa juu kwa rola inayofungwa kwenye habu, huku rangi ikipashwa moto kidogo kidogo ili isipasuke. Unapata milimita kadhaa na kwa nje haionekani. Isifanywe kwa rungu la mbao na haraka. Ukimaliza angalia kama kuna rangi iliyopasuka uifunge, la sivyo kutu inaanzia pale.

#15

Yangu inagusa nyuma kulia tu, kushoto nafasi ipo kubwa. Rimu zote sawa, tairi sawa, nimezibadilisha pande bado inagusa kulia. Gari ina ekseli nzima nyuma.

#16 Mleta uzi

Umefanya vizuri kubadilisha pande, umeshaiondoa rimu kwenye lawama. Angalia nyuma kama ekseli imeshikwa na fimbo moja ya ulalo, upande mmoja imefungwa kwenye ekseli na mwingine kwenye bodi. Fimbo hiyo inachora duara, gari ikishuka ekseli inasukumwa pembeni, na kadri ulivyoshusha ndivyo ilivyohama. Pima kwa uzi kutoka fenda mpaka tairi, kulia na kushoto, tofauti yake gawa kwa mbili, hiyo ndiyo milimita ekseli iliyohama.

Dawa yake ni fimbo ya kurekebishika urefu. Irekebishe gari ikiwa imesimama kwa matairi yake yote, sio ikiwa inaning'inia kwenye jeki, alafu kaza bushi zake hapohapo gari ikiwa chini, maana bushi ikikazwa imening'inia inabaki imejikunja na itachanika.

Ukimaliza paka chaki bega la tairi pande zote mbili, beba watu nyuma, pita taratibu kwenye tuta moja moja kisha zungusha usukani mpaka mwisho kila upande kwa mwendo wa kutembea. Shuka uangalie chaki imefutika wapi. Ikiwa imefutika upande mmoja tena, nitumie vipimo vya pande zote mbili hapa tuvihesabu pamoja.

#17

Nimeangalia, fimbo ipo. Kulia milimita 6, kushoto 20.

#18 Mleta uzi

Tofauti 14, kwahiyo imehama 7 kwenda kulia. Angalia kwanza fimbo imefungwa kwenye bodi upande gani. Kama ni kushoto ifupishe ekseli ivutwe kushoto, kama ni kulia irefushe iisukume. Anza na 7, pima tena, kulia na kushoto ziwe kwenye 13 ndio ukaze.